Murray Walker, Mtangazaji wa Mashindano ya Motokaa

Mwalimu akiwa tayari na chaki, na aandike ubaoni jina hili kwa herufi kubwa: MURRAY WALKER. Lisomeni hivi: Mari Woka. Ni jina la Kiingereza, na herufi zake hazisomwi kama zilivyoandikwa.

Katika masomo yetu ya historia tumezoea kusikia habari za wafalme, za vita na za wasafiri. Leo habari zetu ni za mtu aliyekula mkate wake kwa kusema. Hakuwa mtawala wala tajiri mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu jambo linalotokea mbele ya macho yake, hapo hapo linapotokea, bila kuandikiwa na mtu. Pengine mtadhani hiyo ni kazi nyepesi. Subirini kidogo.

Kwanza tujue aliyokuwa akiyatangaza. Wengi wetu huku Afrika ya Mashariki tunayajua mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika Safari motokaa huondoka moja moja, kila moja na saa yake, na mtu aliyesimama kando ya njia huiona inapita na vumbi lake, basi imekwenda. Lakini mashindano yaitwayo Grand Prix ni ya namna nyingine. Motokaa ishirini au zaidi huondoka pamoja kwa wakati mmoja, nazo huzunguka njia ile ile ya lami mara hamsini, sitini au hata zaidi. Kwenye sehemu zilizonyoka mwendo wake unaweza kupita maili 180 kwa saa, yaani karibu kilomita 300. Dereva amevaa kofia ngumu inayofunika kichwa na uso. Basi mtu aliyekaa nyumbani kwake, anayetazama televisheni, atajuaje nani ni nani, na kwa nini huyu amepunguza mwendo, na yule amesimama? Atajua kwa sababu mtangazaji anamwambia.

Murray Walker alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1923 katika mji wa Birmingham, nchini Uingereza. Baba yake, Graham Walker, alikuwa mshindani mashuhuri wa pikipiki. Mwaka 1931 alishinda moja ya mashindano makubwa ya kisiwa cha Man, kisiwa kilichoko baharini kati ya Uingereza na Ireland. (Mwalimu, waonyeshe katika ramani.) Hapo pikipiki hukimbia katika barabara za kawaida, kati ya nyumba na kuta za mawe. Baadaye Graham akawa mhariri wa gazeti la pikipiki, na pia mtangazaji wa BBC, shirika la utangazaji la Uingereza.

Wazee husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kijana Murray naye alijaribu kushindana kwa pikipiki, akapata medali katika mashindano ya mwendo mrefu, lakini alitambua mapema kwamba mbio zenyewe hatamfikia baba yake. Alichorithi kilikuwa ulimi.

Kabla ya hayo vita vilikuja. Murray aliingia jeshini, akafundishwa uofisa Sandhurst, akapewa kuongoza kifaru, yaani gari la chuma lenye mzinga. Alipigana Ulaya mpaka ndani ya Ujerumani, katika msitu wa Reichswald, mwanzoni mwa mwaka 1945. Alipotoka jeshini alikuwa na cheo cha kapteni. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa vijana wa umri wake karibu wote walipita njia hiyo, na wengi hawakurudi. Lakini likumbukeni jambo hili baadaye tutakapofika kwenye habari za vifo: mtu huyu alikuwa amekwisha kuviona kabla hajashika kipaza sauti.

Mwaka 1948 alitangaza kwa mara ya kwanza kwa vipaza sauti vya uwanjani, mahali paitwapo Shelsley Walsh, ambapo motokaa hushindana kupanda kilima. Mwaka uliofuata BBC walimjaribu, wakampa kazi. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi tarehe 14 Mei 1949, na mahali ni Silverstone, uwanja wa ndege wa kivita wa zamani uliogeuzwa kuwa njia ya mashindano. Ilikuwa Grand Prix ya Uingereza. Mtangazaji mkubwa alikuwa Max Robertson, mtu aliyejulikana zaidi kwa mchezo wa tenisi. Murray, kijana wa miaka 25, aliwekwa peke yake kwenye kona iitwayo Stowe, awaeleze wasikilizaji wa redio mambo yanayopita hapo.

Basi akasimama, akatazama. Motokaa ya dereva mmoja aitwaye John Bolster ikatoka njiani mbele yake, ikapinduka mara kadhaa, na dereva akatupwa nje. Murray aliona mtu amelala chini hajitingishi, akadhani amekufa. Sasa angesema nini? Nchi nzima inasikiliza. Huenda hata jamaa zake Bolster wanasikiliza. Hakuwa amefundishwa na mtu yeyote la kusema hapo. Alisema maneno machache tu, kwamba Bolster ametoka njiani, kisha akaendelea na habari za motokaa nyingine.

Mtaona kwamba alichagua vizuri, kwa maana Bolster hakufa. Aliumia vibaya, na hakushindana tena, lakini aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akiandika magazetini habari za motokaa, na yeye mwenyewe akatangaza mashindano. Kama kijana yule angepaza sauti kwamba mtu amekufa, angemzika mtu aliye hai. Mshindi wa siku ile alikuwa Emmanuel de Graffenried, mtu wa Uswisi.

Kwa miaka iliyofuata Murray alitangaza pamoja na baba yake mashindano ya kisiwa cha Man, mpaka Graham alipofariki mwaka 1962. Alitangaza pia pikipiki zinazoruka matopeni, na motokaa zinazoshindana nusu kwenye lami na nusu kwenye majani. Lakini msidhani kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwa zaidi ya miaka 30 mtu huyu alikuwa na kazi mbili. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa ofisini akitunga na kusimamia matangazo ya biashara. Jumamosi na Jumapili alikuwa uwanjani. Ofisi haikuachwa mpaka mwaka 1982, alipokuwa karibu na umri wa miaka 60.

Kuna hadithi moja ya ofisini ambayo hainihusu sana katika somo hili, lakini naipenda. Kampuni yake ilikuwa ikitangaza chakula cha ndege wadogo wa kufugwa, jamii ya kasuku. Karibu kila mwenye ndege huyo alikwisha kununua chakula chao, kwa hiyo biashara haikuweza kukua. Wafanyeje? Wakatunga tangazo la kuwaambia watu kwamba ndege aliye peke yake ana upweke. Watu wakanunua ndege wa pili. Na ndege wawili, bila shaka, hula mara mbili. Watu pia hudai kwamba Murray ndiye aliyetunga maneno mashuhuri ya tangazo la peremende za Mars, lakini yeye mwenyewe alikana. Katika historia hayo ni ya kawaida: mtu akiwa maarufu huvikwa hata koti la mwenzake.

Sasa tuitazame kazi ya kutangaza yenyewe. Kabla ya mashindano Murray alikuwa akienda kwa mafundi na madereva, mmoja baada ya mmoja, akiuliza. Tairi za namna gani? Mafuta kiasi gani? Mkono ulioumia umepona? Yote aliyaandika. Ilipofika saa ya kuanza, alisimama wima. Hakupenda kukaa, kwani alisema kwa mwili mzima. Sauti yake ilikuwa kali na ya juu, na motokaa zikianza ilizidi kupanda. Mwandishi mmoja, Clive James, alisema kwamba hata Murray anapotulia, husikika kama mtu ambaye suruali yake imeshika moto.

Mnaweza kujaribu ninyi wenyewe. Mwalimu akipenda, na amsimamishe mmoja wenu dirishani, aeleze kwa dakika tatu, bila kunyamaza, kila kinachopita njiani: nani amebeba nini, baiskeli ya nani, mbuzi wa nani. Wenzake wafumbe macho. Mtaona kwamba dakika ya kwanza ni tamu, dakika ya pili maneno yameanza kupungua, na dakika ya tatu amekwisha kumtaja Asha kwa jina la Mwajuma. Murray Walker alifanya hivyo kwa muda wa saa mbili karibu, na vitu vyake vilikuwa vikipita kwa maili 180.

Mwaka 1978 BBC walianza kuonyesha Grand Prix za mwaka mzima katika televisheni, na sauti yao ikawa Murray Walker. Muda mfupi baadaye walimletea mwenzake wa kutangaza naye. Huyu alikuwa James Hunt, bingwa wa dunia wa mwaka 1976, aliyeacha kushindana katikati ya mwaka 1979.

Watu hawa wawili walikuwa kama mchana na usiku. Murray alifika saa nyingi kabla, na karatasi zake, nguo safi, hanywi kitu. Hunt aliweza kufika dakika chache kabla ya kuanza, pengine miguu mitupu, pengine chupa ya mvinyo mkononi. Murray alikuwa na umri wa kumzaa. Murray alimsifu kila dereva. Hunt hakumficha dereva mbaya, alimsema mbele ya watu wote. Na wakubwa wao walitoa amri moja ya ajabu: watangazaji wawili, kipaza sauti kimoja. Walitaka wasiseme kwa pamoja. Basi ikawa kila mmoja akitaka kusema lazima ampokonye au ampokee mwenzake.

Siku moja huko Silverstone Murray alikuwa katikati ya maneno yake, amepamba moto, na Hunt akakivuta kipaza sauti kutoka mkononi mwake. Murray, mtu mpole, ofisa wa zamani, aliinua ngumi ampige bingwa wa dunia. Msimamizi wa matangazo alimzuia. Watazamaji hawakujua kitu.

Lakini tazameni matokeo. Ubishi wao ndio uliopendwa. Murray alitoa joto, Hunt akatoa ujuzi wa mtu aliyeendesha mwenyewe. Walikaa hivyo miaka 13, na ile chuki ya mwanzo ikawa urafiki. Hunt alifariki ghafula kwa ugonjwa wa moyo tarehe 15 Juni 1993, umri wake miaka 45 tu, siku mbili baada ya Grand Prix ya Kanada.

Nimefika kwenye jambo linalotajwa na kila mtu akitajwa Murray Walker, nalo ni makosa yake. Alikosea sana. Alisema huyu anaongoza, kumbe ni yule. Alisema fulani sasa hawezi kushindwa, na kabla hajafunga mdomo motokaa ya fulani ikatoa moshi. Watu wakayakusanya maneno hayo, wakayachapa, wakacheka. Wanamhesabia kwamba aliwahi kusema motokaa fulani haina kasoro yoyote isipokuwa inawaka moto. Yeye hakukasirika. Alijitetea kwa mzaha kwamba hakosei, ila hutabiri mambo ambayo papo hapo huonekana si kweli. Hata kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2002, alikipa jina lenye maana ya "isipokuwa nimekosea sana", maneno aliyozoea kuyasema hewani.

Je, ni haki mtangazaji kukosea hivyo? Maoni yangu ni haya. Kuna kosa la mtu asiyejali, na kuna kosa la mtu anayekimbia mbio ili asimwache msikilizaji nyuma. Murray alipojua amekosea alisema hapo hapo, kwa sauti ile ile kubwa, kwamba amekosea. Tena mambo makubwa yalipotokea hayakumpita. Mwaka 1986 huko Adelaide, Australia, Mwingereza Nigel Mansell alikuwa amebakiwa na kidogo tu awe bingwa wa dunia, na tairi lake la nyuma likapasuka kwenye njia iliyonyoka, cheche zikaruka. Sauti ya Murray ya dakika ile bado huchezwa mpaka leo. Mwaka uliofuata, huko Austria, Mansell alishinda, akapelekwa kupewa zawadi amesimama juu ya gari, akagonga kichwa kwenye chuma. Murray alipomhoji alitaka kuwaonyesha watazamaji lile nundu, akanyosha kidole na kuligusa! Maskini Mansell aliruka kwa maumivu.

Sasa nawaomba mtulie, maana sehemu hii ni nzito.

Tarehe 30 Aprili 1994, Jumamosi, huko Imola nchini Italia, dereva wa Austria aitwaye Roland Ratzenberger aligonga ukuta wakati wa mazoezi ya kupanga nafasi, akafa. Siku ya pili, Jumapili tarehe 1 Mei, mashindano yalifanyika. Katika mzunguko wa saba Ayrton Senna wa Brazil, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, na ambaye wengi walimhesabu kuwa hodari kuliko wote, alikuwa akiongoza. Kwenye kona iitwayo Tamburello motokaa yake haikupinda. Ilikwenda moja kwa moja mpaka ukutani.

Mamilioni ya watu walikuwa wakitazama. Picha zilizotoka Italia kwenda nchi zote zilionyesha madaktari wamemzunguka chini. BBC walikuwa na kamera yao nyingine mahali pa mafundi, wakaamua kuacha picha zile na kuonyesha za kamera yao. Lakini picha zikiondolewa, mtangazaji anabaki. Lazima aseme. Murray alikuwa na miaka 70. Alikuwa akimfahamu Senna ana kwa ana. Alikwisha kuona ajali nyingi, na alijua kwamba hii si ya kawaida. Wakati huo hakuna mtu aliyempa habari ya hakika.

Afanyeje? Akisema matumaini, huenda anadanganya. Akisema kifo, anasema asilolijua, na Brazil kuna mama wa mtu. Murray alisema alichokiona na alichoambiwa, kwa sauti ya chini ambayo watu hawakuizoea, na hakutangaza kifo ambacho hakijathibitishwa. Mashindano yalianzishwa tena, naye akayatangaza mpaka mwisho. Jioni, hospitali ya Bologna ikatoa habari kwamba Senna amefariki.

Nimeikumbuka hapa kona ya Stowe ya mwaka 1949. Miaka 45 ilikuwa imepita. Mara ile aliyedhaniwa amekufa aliishi, mara hii alikufa kweli, na kazi ya mtangazaji ilikuwa moja.

Miaka miwili baadaye alipata furaha. Tarehe 13 Oktoba 1996, huko Suzuka, Japani, Damon Hill alipata ubingwa wa dunia. Baba yake, Graham Hill, alikuwa bingwa mara mbili, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1975, Damon akiwa mtoto wa miaka 15. Motokaa ilipovuka mstari Murray aliwaambia watazamaji kwamba inambidi anyamaze kidogo kwa kuwa amekabwa na machozi. Mtoto wa Graham mmoja alikuwa akimtangaza mtoto wa Graham mwingine. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya OBE.

Kuanzia mwaka 1997 mashindano yalihamia kituo cha ITV, na Murray akahama nayo, akitangaza pamoja na dereva wa zamani Martin Brundle. Mwezi wa Julai mwaka 2000, huko Hockenheim nchini Ujerumani, motokaa nyekundu ya Ferrari iligongana na nyingine mara baada ya kuanza. Murray alisema ni ya Barrichello. Ilikuwa ya Michael Schumacher. Barrichello hakuwa ametoka. Tena ndiye aliyeshinda siku ile, ushindi wake wa kwanza, naye alianza nafasi ya 18. Safari hii gazeti moja halikucheka. Liliandika kwamba mzee amechoka. Murray alikuwa na miaka 76, na maneno yale yalimchoma. Alipokosea zamani, watu walisema ni tabia yake. Sasa walisema ni uzee wake. Kabla mwaka haujaisha alitangaza kwamba 2001 utakuwa wa mwisho. Mimi naona alifanya vema kuchagua siku yake mwenyewe, lakini mnaweza kubishana darasani.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 30 Septemba 2001, Indianapolis, Marekani. Njia ya Indianapolis ilisakafiwa kwa matofali zaidi ya milioni tatu mwaka 1909, na leo umebaki mstari mmoja tu mwembamba wa matofali kwenye mahali pa kumalizia. Wenyeji walimpa Murray tofali moja la zamani. Kwa mtu wa kazi ile, hiyo ni zawadi kubwa kuliko saa ya dhahabu.

Hakunyamaza kabisa. Mwezi wa Julai 2007 redio ya BBC ilikosa mtangazaji wake wa kawaida kwa mashindano ya Nürburgring, Ujerumani, ikamwita mzee wa miaka 83. Na siku hiyo mvua ikanyesha kama ya masika dakika chache baada ya kuanza. Motokaa ziliteleza kwenye kona ya kwanza moja baada ya nyingine, zikalundikana mchangani, na aliyeongoza akawa Markus Winkelhock, kijana mgeni wa kikundi dhaifu kuliko vyote, ambaye hakuna mtu aliyemtazamia. Murray alikuwa na kipaza sauti mkononi, hana picha ya kumsaidia msikilizaji, ila maneno yake.

Alifariki tarehe 13 Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 97.